Mwanamke Aliyesomewa Hitma

Tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, Mwamvita alikuwa amesimama kwenye chumba cha kadi cha hospitali pale Tabora, ufunguo mkononi, kabati la chuma mbele yake. Ndani ya kabati lile zilikuwamo kadi za wagonjwa wa miaka na miaka. Ufunguo ulizunguka vizuri, kitasa kikalia kama siku zote. Lakini droo zote nne ziligoma kutoka.

Na pale pale dirishani, yule mama aliyemleta mgonjwa kwa treni ya asubuhi kutoka Kigwa alikuwa ameulizwa jina la mume wa mgonjwa. Akajibu bila kusita:

"Nassibu Shaban, wa genge la reli."

Nassibu Shaban! Mume wa Mwamvita mwenyewe! Aliyeaga akisema anakwenda Mlimba kujenga reli ya Uhuru, akapotea kama moshi.

Mwamvita hakugeuka. Aliendelea kuitazama ile droo ya juu, mkono bado uko kwenye mpini.

"Dada," akasema taratibu, "umesema Nassibu yupi?"

"Nassibu Shaban. Mrefu, mweupe kidogo, ana kovu hapa kidevuni. Unamfahamu?"

"Hapana. Majina yanafanana tu."

Yule mama aliitwa Sikuzani. Alikuwa dada mkubwa wa mgonjwa, mkazi wa Igunga, na alikuja Kigwa kwa ajili ya uzazi wa mdogo wake. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Mgongoni alibeba kichanga cha kike ambacho hata kitovu hakijakauka. Kama watu wengi wenye hofu, aliona afadhali kusema kuliko kukaa kimya.

"Ni mtu mpole, shemeji yangu yule. Lakini kapatwa na makubwa. Alikuwa na mke hapa hapa mjini kwenu, akafariki. Mimi niko Igunga, habari nilizisikia kwa mbali tu. Hitma ilisomwa Kigwa, watu wakajaa, wakamlilia. Mwaka uliofuata ndipo akamposa mdogo wangu Kuluthumu."

Mwamvita akashika ukingo wa kabati kwa mikono miwili.

Mke mmoja tu Nassibu alikuwa naye Tabora. Mmoja tu. Na huyo mmoja alikuwa amesimama hapa, amevaa kanga ya jana, hajanywa chai.

Swali lilimjia mdomoni: marehemu aliitwa nani? Akalimeza.

Kigwa! Miaka yote alikuwa akipeleka mawazo kusini, kwenye milima na mahandaki ya Wachina, akimwazia mumewe amelala kwenye hema penye baridi. Kumbe mtu yuko Kigwa, stesheni ya jirani. Ile filimbi ya treni aliyokuwa akiisikia kitandani kwake Gongoni, Nassibu alikuwa ameisikia kwanza.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Daktari Tobias aliingia, koti jeupe limeloa jasho.

"Bi Mwamvita, kadi!"

"Droo hazitoki, daktari."

"Hazitoki vipi? Ufunguo si huo?"

"Ufunguo umekubali. Kabati ndilo limekataa."

Daktari hakubishana. Aliushika mpini wa droo ya juu, akakanyaga kabati kwa mguu, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akajaribu ya pili. Ya tatu. Ya nne. Hakuna hata moja iliyotikisika. Akarudi nyuma akihema.

"Mama," akamgeukia Sikuzani, "hebu kumbuka vizuri. Mdogo wako alipolazwa hapa zamani, kabla hajaolewa, kilichomdhuru kilikuwa sindano au vidonge?"

"Alipewa vyote, bwana daktari. Sindano na vidonge, siku moja. Mara uso ukavimba, koo likaziba, tukajua amekwenda. Daktari wa wakati ule akasema Mungu ni mkubwa, akaandika kwenye kadi, akatuambia kadi inabaki hapa."

"Hakuwatajia jina la dawa?"

"Alitutajia. Nani angelishika?"

Daktari alijifuta uso. Akazungumza na Mwamvita kwa sauti ya chini, lakini Sikuzani alisikia kila neno.

"Ana sumu ya uzazi kwenye damu. Joto linapanda, ameanza kuweweseka. Stoo nina penisilini peke yake. Kama ndiyo iliyomvimbisha siku zile, nikimchoma leo nimemuua. Kama siyo, ndiyo itakayomponya. Dawa nyingine nimewapigia simu hospitali ya misheni. Wanasema gari linatoka, lakini mto umefurika, hawajui kama litavuka. Nifanye nini? Nimchome au nisubiri? Jibu liko humu." Akalipiga kabati ngumi.

Damas, fundi wa hospitali, alikuwa ameshafika na mtaimbo begani.

"Nipisheni nilivunje."

"Ukilivunja kwa mbele utazikunja hizo droo," Mwamvita akasema. "Zikikunjwa hazitatoka kabisa. Ngojeni. Mzee Bernardo alikaa na kabati hili miaka mingi kabla yangu. Yuko Itetemia, analima. Nitakwenda kumuuliza."

"Chukua baiskeli ya tarishi," daktari akasema. "Lakini hali yake ikizidi, sitaweza kukungoja. Nitachagua mwenyewe."

Mwamvita akatoka. Alipokuwa akipita dirisha la wodi ya wanawake, alimwona. Msichana mwembamba, nywele zimemganda usoni, midomo imepasuka kwa homa, mkono mmoja unapapasa shuka kana kwamba unatafuta kitu kilichoanguka.

Mke mwenzie! Na wala hajui kama ni mke mwenzie.

Alijifunga kanga vizuri, akapanda baiskeli. Nassibu ndiye aliyemfundisha kuipanda, jioni za mwanzo za ndoa yao, huku wanawake wa Gongoni wakicheka na kufunika midomo. Akakanyaga pedeli kwa nguvu, kama mtu anayekanyaga sisimizi.

Mvua ya alfajiri ilikuwa imeiacha barabara utelezi mtupu. Alipita kipande cha ile njia ya zamani ya misafara, ambayo wapagazi wa Unyanyembe waliishika kwenda pwani na mizigo ya pembe. Bibi yake Mwamvita aliwahi kumuaga mume kwenye njia ile. Mume akaenda na msafara, wala hakurudi. Bibi alikuwa akisimulia habari hiyo bila machozi, huku anachambua mchele, na siku zote alimalizia kwa kusema kwamba angalau yeye aliambiwa aliyekwenda amekufa.

Mwamvita yeye hakuambiwa lolote. Aliyekwenda alikuwa mzima. Ni yeye aliyebaki ndiye aliyeuawa.

Akafika penye njia panda. Kushoto ni Gongoni, nyumbani kwake, chumba kimoja chenye kitanda cha watu wawili. Kulia ni Itetemia.

Akashuka kwenye baiskeli.

Msomaji, tusimwonee. Wewe ungefanyaje? Hakuna ambaye angemlaumu. Angesema tu kwamba mzee hakumkuta shambani. Angerudi, angemkuta daktari ameshachagua. Kama msichana yule angekufa, pale Kigwa wangesoma hitma nyingine, na Nassibu angebaki mwenyewe, chumba kimoja, kitanda cha watu wawili, aonje na yeye.

Alisimama pale mpaka mwanamke mmoja aliyebeba kuni akampita na kumsalimu, "Hujambo, mama?" Tangu lini mtu amemsalimu njiani naye akaona kilio kinataka kutoka?

"Sijambo," akasema hatimaye. Akapanda baiskeli, akashika ya kulia.

Mzee Bernardo alikuwa akipalilia mahindi, shati limeshikamana na mgongo. Alipomwona alinyanyuka polepole kwa kushikilia jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwamvita! Karibu, karibu ndani, nikubandikie chai. Tangu mama yenu afariki na mimi nimestaafu, hakuna aliyekuja huku kuniuliza hata kama mvua imenyesha."

"Mzee, nisamehe, chai nitakunywa siku nyingine. Kuna mtu anakufa. Kabati la kadi limegoma. Ufunguo unazunguka, droo hazitoki hata moja."

Uso wa mzee ukashuka. Alitaka mgeni, si swali. Lakini akaliweka jembe chini.

"Zote nne?"

"Zote nne."

"Jana ilikuwaje?"

"Jana zilifunguka. Jioni walileta kadi kwa lori, za zahanati za vile vijiji vilivyohamishwa. Zimefungwa kwa katani, marobota. Wakaniambia nizipange humo humo. Nilizibana mpaka mwisho, nikasukuma, nikafunga."

Mzee Bernardo akatikisa kichwa.

"Basi hilo si tatizo la kitasa. Waambie waache kuhangaika na kitasa. Kabati lile lilitengenezwa hivyo makusudi, ukivuta droo moja, nyingine zote zinajifunga, lisije likamwangukia mtu. Mpaka ile moja irudi ndani kabisa, hakuna nyingine itakayotoka. Sasa iko droo moja pale haijarudi. Utaiona imefunga, lakini haijafunga. Pitisha kiganja mbele, utaisikia imechomoza kama unene wa ukucha."

"Nikiisukuma?"

"Haitaingia. Umeijaza kupita kiasi, robota moja limeruka nyuma, limekaa kati ya droo na ubati wa mgongo. Msishindane nalo kwa mbele. Ligeuzeni. Kule nyuma kuna skrubu, fungueni mgongo, toeni hilo robota. Halafu sukuma droo mpaka ilie. Ikilia, zote ziko huru."

Mwamvita alikuwa ameshaigeuza baiskeli.

"Mungu akulipe, mzee."

"Mwanangu," mzee akamwita. "Ni nani huyo anayekufa? Ndugu yako?"

Mwamvita akapanda baiskeli.

"Sijui ni nani wangu," akajibu, akaondoka. Mzee Bernardo akabaki kwenye mahindi yake anamtazama mpaka alipopotea.

Hospitalini Mwamvita alikuta balaa!

Damas alikuwa ameketi chini, kichwa mikononi. Ufunguo ulikuwa umekatika. Nusu yake ilibaki kwenye kitasa, nusu ilikuwa kiganjani mwake.

"Nimejaribu kuuzungusha tena, Bi Mwamvita. Nilidhani haukufika mwisho. Nimetuua wote."

"Ulikatikia wapi? Kitasa kikiwa kimefunguka au kimefunga?"

"Kimefunguka."

"Basi achana nao. Simama. Lete bisibisi."

Damas akamtazama kama anayedhani mtu amechanganyikiwa, lakini akasimama. Mwamvita alipitisha kiganja kwenye uso wa kabati, kutoka juu kwenda chini. Droo ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, kidole kikakwama kwenye ukingo.

"Hii hapa. Tuligeuze."

Kabati lilikuwa zito kama jiwe la kaburi. Walisukuma, wakavuta, miguu ya chuma ikachora sakafu na kupiga kelele mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Damas akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu. Kutu! Ya kwanza ikakataa, akaimwagia mafuta ya taa, ikalegea. Ya pili. Ya tatu. Ubati ukaachia upande mmoja, Mwamvita akaingiza mkono bila kujali makali. Akaligusa. Robota, katani yake imenasa kwenye reli ya droo. Akalivuta, likagoma. Akalivuta tena kwa hasira zote alizotoka nazo kwenye njia panda, na kadi za watu wa vijiji visivyokuwapo tena zikamwagika sakafuni.

"Sukuma!"

Damas akazunguka mbele, akaegemeza bega.

Ka!

Droo ya pili, ambayo asubuhi ilimshinda daktari na mguu wake, sasa ilitoka kwa kidole kimoja.

Vidole vya Mwamvita vikaanza kukimbia. Kuluthumu ni wengi Tabora. Kuluthumu binti Hamisi. Kuluthumu binti Juma. Kuluthumu binti Ramadhani, Kigwa. Akaichomoa. Herufi zilikuwa nyekundu, zimepigiwa mstari.

Akasoma.

Penisilini. Alivimba koo, akazimia. Asipewe tena.

"Daktari yuko wapi?"

"Wodini," Damas akasema. "Amepita sasa hivi ana sindano. Amesema hawezi kungoja tena."

Mwamvita akakimbia.

Alikimbia kwenye ukumbi ule mrefu, viatu vikamtoka, akaviacha. Akagonga ndoo ya mfagizi, maji yakatapakaa. Aliposukuma mlango wa wodi, daktari alikuwa ameinama, nesi ameushika mkono wa mgonjwa, pamba imeshapangusa ngozi, ncha ya sindano inang'aa.

"Usimchome!"

Nesi akauachia mkono wa mgonjwa.

"Usimchome, daktari! Itamuua! Imeandikwa!"

Daktari akainua sindano taratibu, kama mtu aliyeshika nyoka. Akaipokea kadi, akaisoma, akaisoma tena. Akamwaga dawa yote kwenye beseni.

"Nilikuwa nimeshaamua," akasema. "Bi Mwamvita, nilikuwa nimeshaamua."

Sikuzani akaanguka kwenye miguu ya Mwamvita, akaishika, analia, "Nani amekuzaa wewe? Nani amekuzaa?" Mwamvita alimwinua. Waliomzaa walikuwa makaburini siku nyingi.

Yakabaki mambo mawili, maji ya baridi na kusubiri gari.

Walimpangusa Kuluthumu kwa vitambaa vya maji, mmoja huku, mwingine huku. Sikuzani alikuwa amechoka hata mikono inaanguka, hivyo Mwamvita akamwambia alale kidogo pale sakafuni, yeye atashika zamu. Saa za kazi ziliisha. Makarani wenzake walipita mlangoni na mikoba yao, wakamwita twende, akasema tangulieni. Hakuwa na mtu wa kumpikia.

Mama mmoja wa kitanda cha pili alikinyonyesha kichanga pamoja na chake, kisha akamrudishia Mwamvita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwamvita kubeba mtoto wa mtu bila mwenyewe kusimama karibu akimwambia shika shingo. Mtoto akamshika kidole. Akamtazama usoni, akakiona kidevu. Kidevu cha Nassibu, bila kovu.

Alitaka kumchukia. Kwa dhati kabisa alijaribu. Mtoto akapiga chafya, na jambo lile likaishia hapo.

Gari la misheni lilifika jua likiwa limeinama, limejaa tope hadi kwenye vioo. Dereva alisema walivuka mto kwa kuvutwa na ng'ombe. Daktari Tobias aliipokea dawa bila hata kusema asante, akakimbia nayo.

Usiku ule tuuruke, msomaji, maana haukuwa na habari ila ya mwanamke mmoja anayekamua kitambaa, anakiweka kwenye paji la uso, anasikiliza pumzi ya mwingine. Mara mbili Kuluthumu aliita jina la mumewe. Mara zote mbili Mwamvita alisema moyoni, hata mimi niliita.

Asubuhi homa ilikuwa imevunjika.

Jua liliingia dirishani. Sikuzani alikuwa ametoka kutafuta uji. Mwamvita alikuwa amesimama dirishani na kichanga kifuani, amewapa mgongo wagonjwa, anafikiri aondoke sasa kabla msichana hajafumbua macho, arudi kwenye kadi zake, na yote haya yabaki kama hayakuwa. Nani angejua? Marehemu hana mashtaka.

Nyuma yake sauti dhaifu ikaita:

"Mwamvita."

"Abee," akaitika, kabla hajafikiri.

Akageuka. Kuluthumu alikuwa amefumbua macho, anamtazama kwa mshangao.

"Samahani, dada. Nilikuwa namwita mwanangu. Huyo uliyembeba. Baba yake... mume wangu alikubali tumwite Mwamvita, hata dada sijamwambia bado."

Mwamvita akamtazama tena mtoto.

"Jina zuri," akasema. "Mlilitoa wapi?"

"Ni la mke wake wa kwanza. Alifariki. Mimi ndiye niliyesema tumpe mtoto, Nassibu alikuwa hataki, alikasirika hata akakaa siku nzima hasemi. Nikamwambia, mwanamke yule hakuacha mtoto, hakuacha ndugu wa kumtaja. Tusipomtaja sisi, nani atamtaja?"

Mwamvita alisogea. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa miaka yote ile, kwenye chumba cha Gongoni, aliamini kwamba hakuna mtu duniani anayelitamka jina lake isipokuwa kumtuma kadi. Kumbe lipo tumbo moja Kigwa lililokuwa likiitwa kwa jina lake kabla halijajifungua.

Akaona hawezi kuondoka tena.

"Kuluthumu, mdogo wangu," akasema. "Nisikilize na usishtuke. Mimi naitwa Mwamvita binti Selemani. Nassibu Shaban alinioa hapa Tabora kwa ndoa halali, na talaka hajanipa. Sijafa. Sikuwahi hata kuugua."

Kuluthumu alijiinua kidogo kwenye mto. Kisha mkono wake, ule uliokuwa ukipapasa shuka, ukanyooka ukamshika Mwamvita usoni, shavu, paji la uso, sikio, kama kipofu anayemtambua mtu.

"Haiwezekani," akanong'ona.

"Alikudanganya. Alitudanganya wote. Alisomesha hitma ya mtu aliye hai."

"Hapana, dada. Hujaelewa." Aliushusha mkono. "Haikuwa hitma peke yake. Alimleta. Alikuja naye usiku, amefunikwa, akasema ni mke wake, amemfia njiani, hana ndugu, tumstiri. Wanawake wa Kigwa tuliitwa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwosha kwa mikono yangu. Nilimchana nywele. Nilimfunga kidevu."

Akamtazama mtoto, kisha Mwamvita.

"Kama Mwamvita ni wewe, yule tuliyemzika ni nani?"

Mwamvita alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Mlango wa wodi ukafunguliwa kwa furaha. Sikuzani aliingia na bakuli la uji, anacheka, machozi yanamtoka.

"Mdogo wangu, umeamka! Alhamdulillahi! Na mumeo naye amefika na treni sasa hivi. Nimemwelekeza, anakuja huku."

Nyuma yake ukumbini, viatu vya mtu mrefu vilikuwa vikikaribia.